Nani Aliingiza Jiko

Ihumwa, Dodoma
Jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Nyemo,

Mambo ya sabuni, ya kufua shuka, ya kutokula chipsi kila siku na ya kupiga simu ukifika, mama yako amekwisha kuyasema, na mengine ameyasema mara tatu. Hapo sina la kuongeza. Hata ningekuwa nalo ungenisikiliza kwa heshima tu, kama unavyonisikiliza siku zote, huku unaangalia mikono yako.

Nimekaa karakanani, kwenye ile meza ya kukatia vioo, maana ndani ninyi wawili mnafunga begi na mnacheka, na sikutaka kuingia na uso wangu huu. Barua nitaiweka katikati ya blanketi lako jipya, chini kabisa ya begi, uikute huko masomoni Njombe utakapolikunjua ulale. Nimefanya hivyo makusudi. Nataka uisome ukiwa mbali, mahali ambapo huwezi kuniambia "hamna shida, baba" kabla sijamaliza. Hilo "hamna shida" lako limenifunga mdomo miaka tisa. Siwezi kukulaumu, kwa kuwa nilifurahi kufungwa.

Nianze na dirisha.

Mimi ni fundi wa madirisha. Kuanzia hapa mpaka Mtumba, mtu akitaka aluminiamu na kioo kisichopitisha vumbi anaelekezwa kwangu. Na mtoto wangu mwenyewe halali dirisha likiwa limefungwa. Julai, upepo wetu huu unapovuma mpaka mbwa wanakosa pa kujikunyata, wewe unasogeza kioo upana wa kiganja, unajifunika kanga mbili na sweta la shule, unalala ukitetemeka. Mama yako hukutania kwamba utaolewa na mfugaji mkalale zizini. Unacheka. Mimi huwa naondoka pale. Najua pia kwamba tangu uwe na miaka kumi na moja hujawahi kuwasha jiko la mkaa. Gesi ikiisha unasema huna njaa. Miaka tisa ninakuona ukifanya hivyo, nawe unajua ninakuona, na hakuna aliyefungua mdomo.

Basi leo naufungua mimi. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Bibi yako, mama yangu mimi, ambaye una jina lake, aliishi karibu maisha yake yote kwenye tembe kule Mlali. Tembe lile uliliona ukiwa mdogo sana, nadhani umelisahau. Ni nyumba fupi, kuta nene za miti na udongo, paa bapa la magogo na fito, na juu ya paa udongo mwingine, mzito, uliokanyagwa ukakanyagika. Mtu mrefu anaingia ameinama. Mchana wa Oktoba, jua linapochoma mpaka kuku wanapanua midomo, mle ndani kulikuwa na ubaridi wa mtungi. Julai usiku kulikuwa na joto, kwa sababu ukuta ulikuwa umelihifadhi jua la mchana, na kwa sababu ya moto.

Moto huo ndio nataka uuelewe. Kila jioni mama aliuweka katikati ya nyumba, magogo mawili makubwa yaliyogusana vichwa, tukalala kuuzunguka. Sikumbuki kulala bila moto mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Moshi ulipanda ukatokea kwenye nafasi kati ya miti ya paa na kichwa cha ukuta. Macho yaliwasha, tulikohoa kidogo, asubuhi tukaamka. Mama alilala hivyo akiwa mtoto, akiwa bibi harusi, akiwa mjane. Kwake yeye moto wa kulalia ulikuwa kama mto wa kichwa kwa mtu mwingine.

Mimi nililionea aibu tembe lile. Bwenini nguo zangu zilinuka moshi, wenzangu wakaniita Nyama Choma, na jina hilo lilinifuata miaka minne. Nikaapa kwamba nikijenga, nitajenga nyumba yenye madirisha ambayo mtu ataniona kupitia humo nimekaa kwenye kochi kama waziri. Usicheke. Ndiyo ilikuwa ndoto yangu yote.

Nikaijenga. Unaijua, umekulia humo. Matofali ya saruji, bati, na upande wa magharibi unaotazama barabara madirisha makubwa kuliko ya nyumba yoyote ya mtaa huu. Nilisema nyumba yangu ndiyo bango langu, mteja akipita aone kazi. Sikujiuliza jua la saa kumi linaingilia upande gani. Na dari sikuweka. Wewe unajua kwetu nyumba haimalizwi, inahamiwa; dari husubiri. Kila nilipopata chochote kulikuwa na kitu kingine cha kuonekana kwa nje. Mara geti, mara vigae vya barazani. Dari nani anaiona akipita barabarani?

Bibi alipokuja kuishi nasi, magoti yake yakiwa yamekataa kabisa shughuli za shamba, tulimpa kile chumba cha mbele ulale naye. Ulifurahi sana. Yeye alikuita wajina. Siku ya kwanza aliingia, akasimama katikati ya chumba akitazama kuta, bati, kile kioo kikubwa. Nikasubiri anisifu.

"Mbukwa, nyumba," akaisalimia, kama anavyomsalimia mtu. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, hii nyumba yako ni nzuri. Lakini mchana ina homa, na usiku itakuwa na mafua."

Tulicheka wote. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Aliona sawasawa, na alikuwa hata hajaivua kanga ya safari. Mchana bati lilimchoma, akawa anashinda nje upande wa jikoni, kwenye kivuli cha ukuta. Juni ilipoingia, bati lile lile likageuka barafu. Akaniambia kwa upole, "Baba, mimi nalala kama niko nje, ila nyota sizioni." Nikamwahidi dari. Wiki iliyofuata akauliza tena. Nikaahidi tena. Ikawa kila nikirudi kazini, kabla sijavua viatu, nasikia kutoka chumbani, "Dari lini, baba?" Hakusema kwa ukali. Nadhani ilikuwa namna yake ya kunisalimia. Lakini mimi nilikuwa nimechoka na nilijua sina jibu, nikaanza kupita mlango wake kwa kunyata.

Halafu nikafanya jambo ambalo wewe hulijui lote. Mama yako anajua nusu yake.

Ilikuwa Jumapili, ninyi mko kanisani. Badala ya kuweka dari nikatafuta njia ya mkato. Nilikuwa na turubai la nailoni, lile gumu la kufunikia mizigo kwenye lori. Nikalipigilia misumari chini ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, ukuta hadi ukuta, likafunika chumba chote juu. Kisha nikayatazama yale matundu ya hewa juu ya dirisha, yale matofali yenye vitobo ambayo kila nyumba inayo, nikaona upepo unaingilia pale. Nikayaziba kwa saruji. Yote. Nikateremsha ukingo wa turubai ukayaficha, nikapitisha silikoni kuzunguka fremu, nikabandika sponji chini ya mlango. Ilinichukua asubuhi moja. Mliporudi nikawaambia, kwa majivuno, kwamba humo sasa hata mbu akitaka kuingia itabidi abishe hodi.

Bibi akasikiliza ule ukimya wa chumba. "Sasa umeiziba pua kabisa," akasema.

Nami nikamjibu nini? Nikamjibu, "Mama, wewe umezoea tembe."

Kulikuwa na dalili, Nyemo, na mimi ni fundi. Asubuhi ya pili tu kioo kilikuwa kimelowa kwa ndani, maji yanateremka mpaka kwenye fremu. Jasho la watu wawili waliolala, pumzi zenu, hazikuwa na pa kutokea. Kioo kikilia hivyo kinakuambia nyumba haipumui. Nilikuwa sijafundishwa hilo, lakini macho nilikuwa nayo. Nilikufurahia tu ulivyokuwa unachora kwa kidole juu ya ule ukungu kabla ya kwenda shule. Ulichora kuku, ukamchora bibi na fimbo yake. Nikakuambia, "Unaona? Kazi ya baba yako, hewa haipiti." Nikachukua kitambaa nikafuta.

Sasa ile siku.

Mama yako alikuwa Mpwapwa kwenye msiba wa shangazi yake. Mimi nilikuwa Mtumba nafunga madirisha ya ofisi moja, tunakimbizwa ili wenye jengo wakabidhiwe. Mlibaki wewe na bibi. Ulisonga ugali, ukapika mlenda, na baada ya kula bibi akakwambia maneno uliyotueleza kesho yake, nami nayakumbuka yalivyo: "Wajina, hilo jiko bado lina makaa. Niletee huku nilale na moto kama kwetu." Ukalishika kwa matambara mawili ukampelekea. Ulimwekea karibu na miguu ili apate joto, ukakaa naye kidogo, kisha ukatoka sebuleni kumalizia hesabu za shule. Akakuambia ufunge mlango nyuma yako, baridi isiingie.

Mtoto wa miaka kumi na moja, anaombwa na bibi yake kitu ambacho bibi huyo amelala nacho maisha yake yote. Ningekuwa mimi pale, kama singejua nililolifanya kwenye yale matundu, ningelibeba jiko lile mwenyewe.

Asubuhi ndiyo unaijua. Nilifungua mlango nikamkuta ametulia, ameupa ukuta mgongo, na kioo chote kimelowa mpaka chini. Jiko lilikuwa limekwisha kuwa majivu. Daktari alisema ni ile hewa ya mkaa, haina rangi wala haikohozi, inamlaza mtu na haimwamshi.

Majirani wakajaa. Shangazi zako wakafika kutoka Mlali. Nami nikasimama pale barazani, juu ya vigae vyangu, nikiwa na hofu na hasira na sijui nimkabidhi nani, nikapaza sauti mbele ya watu wote:

"Nani aliingiza jiko?"

Ulikuwa umesimama karibu na nguzo, umeshika kikombe cha uji ambacho mtu alikupa. Ukakiweka chini. Ukanyoosha mkono juu, kama unavyonyoosha darasani.

"Ni mimi, baba."

Ule mkono, Nyemo. Miaka tisa nikifumba macho ndio ninaouona. Watu wote wakakugeukia. Shangazi yako mkubwa akakukumbatia akasema, "Maskini, hakujua, ni mtoto." Wengine wakasema bahati mbaya, wengine mapenzi ya Mungu. Kila neno la kukufariji lilikuwa linakupigilia msumari pale pale, kwamba ni wewe, ila tumekusamehe. Mimi nilikuwa na jibu la swali lile mdomoni. Nilijua matundu yameziba na nilijua nani aliyaziba. Nikasema tu, "Haya, mtoto apumzike." Nilikuacha ubebe kitu kisicho chako kwa sababu mimi kilinishinda kukibeba mbele za watu.

Siku tulipomaliza matanga nilichukua nyundo na patasi nikayazibua yale matundu. Ulikuja mlangoni ukauliza, "Baba, unafanya nini?" Nikasema natengeneza. Turubai nililitoa nikalichoma nyuma ya karakana. Kwa hiyo hujawahi kuona ushahidi. Ulipokua, ukaanza kujisomea mambo ya hewa, ukaangalia chumba kile na matundu yake wazi, bila shaka ulijiuliza iliwezekanaje. Ukajijibu kwamba labda uliweka makaa mengi mno. Nilikusikia siku moja ukimwambia mama yako hivyo, jikoni, kwa sauti ndogo. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Ningeingia muda ule ingekwisha. Sikuingia.

Hayakuwa makaa mengi. Lilikuwa jiko la kawaida. Kwenye tembe asingepata hata kichwa kuuma.

Liko jingine, na hili mama yako halijui, wala mchungaji, hakuna mtu. Ndilo lililonileta kwenye kalamu.

Usiku ule nilirudi saa tatu. Ulikuwa umelala kwenye kochi na daftari kifuani. Desturi ilikuwa nikikukuta hivyo nakubeba nakupeleka kitandani kwako, kule kwa bibi. Nikaenda kwanza mpaka mlangoni kwake. Nikasikia harufu ya mkaa.

Nilisikia, Nyemo. Si kwamba nakisia leo. Nilisimama pale nimeinua mkono wa kubisha, nikaisikia harufu ya mkaa kupitia mlango, nikawaza: jikoni wamechelewa kupika. Na nikawaza jambo la pili, ambalo ndilo la kweli: nikibisha ataamka, na akiamka ataniuliza dari lini. Nikaushusha mkono. Nikarudi sebuleni, nikavua koti la kazi nikakufunika palepale kwenye kochi, nikaenda zangu kulala.

Mama yangu wakati ule huenda alikuwa bado hai. Daktari hakuniambia saa, nami sikuthubutu kuuliza.

Na wewe ningekubeba kukupeleka mle, kama kawaida yangu, moja katika mambo mawili lingetokea. Ama ningefungua mlango nikamwokoa, ama ningefungua nikiwa nusu usingizini, nikakulaza, nikafunga, na asubuhi ningewakuta wawili. Woga wangu wa kuulizwa swali la dari ulimuua mama na ukakuacha wewe. Nimejaribu kuutubu woga huo nikashindwa, maana nikitaka kuukana nakumbuka umekuacha hai, na nikitaka kuushukuru nakumbuka kitanda kile. Mpaka leo sijui niuweke wapi. Nimeona nikuambie ulivyo, usinisaidie kuubeba, ila uujue.

Baadaye nilijifunza kazi yangu upya. Sijui kama ulitambua. Kuna mama mmoja mhandisi alinipa kazi ya nyumba yake karibu na Mtumba, akataka dirisha lenye vioo viwili ndani ya fremu moja. Nikamwuliza kwa kejeli kama kimoja anaogopa kitavunjika. Akanivumilia.

"Fundi," akasema, "ukivaa mashati mawili unasikia joto kuliko shati moja zito. Kwa nini?"

"Kwa sababu ya hewa katikati."

"Basi hiyo hewa ndiyo ninayonunua. Vioo ni vya kuishika tu. Lakini usianze na dirisha. Anza juu, kwenye bati, halafu weka kivuli upande wa jua la jioni. Na chochote utakachoziba, acha matundu."

Alilisema hilo la mwisho kijuujuu, huku anaandika namba ya vipimo. Nikaomba ruhusa nikatoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji. Alidhani nimekwenda kujisaidia.

Niliporudi nyumbani nikakishughulikia chumba cha bibi. Dari ya mbao, na juu ya dari magunia ya pumba za mpunga zilizokaushwa vizuri, unene wa mkono. Dirisha la magharibi nikalipunguza likawa nusu, vioo viwili, na nje nikajenga kibaraza cha kulikinga jua. Matundu nikayaweka mapya, ya juu na ya chini, yenye wavu. Ingia humo Oktoba saa tisa, utadhani uko Mlali. Ingia Julai alfajiri, huhitaji moto wowote. Ndicho chumba bora kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na kinalaliwa na magunia ya alizeti. Mama yako huuliza kwa nini nisikihamie. Namjibu ninavyokujibu wewe, yaani simjibu.

Tangu hapo kila nyumba ninayofunga madirisha namwuliza mwenye nyumba maswali mawili: una dari, na unapikia wapi. Wengine wananiona mzee msumbufu. Yupo kijana mmoja wa wizarani aliniambia, "Fundi, we funga dirisha, mambo ya jiko langu niachie." Nilikataa kazi yake. Nilipokuambia nimeikosa ile kazi ulinipa pole, nami nikaipokea pole ambayo sikuistahili.

Sitaki kukufundisha maisha, sina cheti hicho. Nakuambia tu ninalolijua kwa mwili wangu: nilimkimbia mtu kwa sababu ya swali lake, na swali lenyewe lilikuwa dogo. Angekuwa ameniuliza mara ya mia, ningemjibu "bado, mama, nisamehe," angesema "haya," ningeona jiko, ningelitoa. Ilitosha neno moja. Nikarudia kosa lile lile kwako, miaka tisa, kila siku napita mlango wako kwa kunyata. Kama ukifika siku ukawa na mtu wa namna hiyo, bisha hodi. Kama mtu huyo ni mimi, na hutaki kubisha, nitaelewa.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Karatasi ni rahisi. Ukirudi likizo, kama utapenda, tutakaa juu ya vile vigae, nami nitayasema haya tena kwa mdomo, mbele ya mama yako na shangazi zako, pale pale barazani nilipokuuliza. Shangazi mkubwa nimeshamwambia aje wakati huo, sijamwambia ni la nini. Kama hutapenda kurudi likizo hiyo, bado nitayasema. Nimechelewa, lakini watu walionisikia nikiuliza wengi bado wapo.

Kesho asubuhi utaniamkia "shikamoo baba" kama kila siku, na mimi nitaitikia marahaba na kubeba begi lako mpaka stendi, barua hii ikiwa ndani, na utadhani nimenyamaza kwa sababu unaondoka. Itakuwa kweli pia. Nyumba itakuwa kubwa sana bila wewe, mama.

Njombe ni baridi kuliko hapa. Watu wa kule wanaota moto ndani Juni hadi Agosti, na wenzako wa chumbani watakushangaa ukifungua dirisha. Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu, na ninakuomba kama fundi. Ukimaliza kusoma, inua macho utazame juu ya dirisha. Yapo matundu? Weka kiganja, sikiliza kama upepo unapita. Jiko lolote likiwemo chumbani, litoke nje, hata liwe la nani, hata akuombe kwa jina lako. Ukishahakikisha hayo mawili, sogeza kioo mpaka mwisho. Kifunge, Nyemo. Jifunike blanketi, ulale na joto, kama bibi alivyotaka kulala.

Na mtu akikuuliza tena, au ukijiuliza mwenyewe usiku, nani aliingiza jiko, usinyooshe mkono. Mwambie ni baba.

Ni mimi baba yako